Simu ya Shangazi Ilipokwenda Zambia

Siku ya kumposea mdogo wangu mke, baba yetu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, aliamkia kwangu Tunduma, chumba cha nyuma kinachotazama Zambia. Shangazi wa binti alishatuonya: mwisho saa nne asubuhi. Tukichelewa turudi kwetu, maana kuna familia ya Ndalambo nayo inabisha hodi.

Asubuhi saa yangu ya ukutani ilituambia tutoke. Simu ya baba mdogo ikasema bado lisaa lizima.

"Saa yako betri imechoka," akaniambia. "Simu inachukua saa hewani, haikosei."

Nilijua betri ikichoka saa hubaki nyuma, haikimbii mbele. Lakini yeye ni mtu wa Vwawa, mjini kwenye ofisi, na mimi niliishia darasa la saba. Nikamwongezea chai.

Tulipofika kwa kina binti, hukohuko Tunduma, baba mdogo akachungulia simu. Saa nne na nusu. Akashika kichwa.

"Nimedukuliwa! Wameniibia lisaa!"

"Baba mdogo, mtu aibe saa akaipeleke wapi?"

"Hawa wa mtandaoni hawachagui."

Ndani alimweleza shangazi habari za wezi wa mtandao kwa unyenyekevu wote wa mshenga. Shangazi akachekea puani.

"Mshenga, simu yako haina namba ya siri?"

"Inayo, mama."

"Basi ni dhaifu. Yangu ina namba ya siri na kidole changu juu. Hakuna wa kuigusa saa yake. Mmechelewa. Nendeni salama."

Nisimwonee, alikuwa na haki. Nilishashika mkoba, nikimuwaza mdogo wangu anayesubiri majibu kule Nanyala, pale binti alipoingia akapiga magoti.

"Shangazi, simu yako chaji inaisha. Nikuwekee jikoni."

Sisi tukabaki tunaaga, na kwetu kuaga si jambo la haraka: mvua, kahawa, wagonjwa wa pande zote mbili. Binti akarudi na simu.

"Shangazi, mbona hata saa nne haijafika? Wageni wamewahi."

Shangazi akafuta kioo kwa kitenge, akatazama tena.

"Nani ameingia humu?"

"Hawezi mtu, mama," baba mdogo akasema kwa upole. "Ina kidole juu."

Binti aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Hapo ndipo nikaelewa. Jikoni kwao, kama chumbani kwangu, simu hukamata mnara wa Zambia, na Zambia wako nyuma yetu saa moja. Simu inafuata mnara, namba ya siri haiulizwi. Hakuna aliyeibiwa kitu.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona si haki, nikasema yote, baba mdogo akinikanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Shangazi akamgeukia binti.

"Kwa hiyo umenichezea simu ili hawa wasiondoke?"

"Ndiyo, shangazi." Akapiga magoti tena.

"Sasa mimi nawafukuza kwa ajili ya nani, kama mwenyewe unawataka?" Akatuonyesha viti. "Kaeni. Kreti mbili za soda kwa kuchelewa, hilo halina msamaha. Na wewe kaoshe vikombe. Ila simu yangu naomba ibaki hapa mezani, Tanzania."