Siasa Haina Mkwe

Pale Mlowo wapo watu wazima wasiojua jina langu la ubatizo. Wananijua kama Siasa Haina Mkwe, na nikipita na baiskeli wananiita hivyo bila hata kutabasamu, kana kwamba ndivyo nilivyoandikwa kwa mchungaji. Sina wa kumlaumu. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya kikao, nikapigiwa makofi, na leo nayaeleza yote kwa kuwa najua mmeshasimuliwa na watu ambao hawakuwapo, nao wametia chumvi (ati nilipanda mti, sikupanda mti, niliutazama tu).

Mimi ni mtu wa njia. Kwetu ni Tunduma, lakini shule ya sekondari niliiacha katikati kwa sababu miguu ilikuwa inaniwasha, nikavuka mpaka kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini, nikarudi, nikaenda tena, na mara ya mwisho nilirudi na koti la kijivu ambalo Mbozi nzima hapakuwa na la kufanana nalo. Mke nilimwoa kijiji cha Nanyala. Nikiwa huku naikumbuka migodi, na nilipokuwa migodini nilikuwa naota ukungu wa asubuhi wa huku kwetu, ndivyo nilivyoumbwa.

Siku hizo tulikuwa na chama chetu kidogo cha wakulima na vibarua, watu walikiita Chama cha Jembe. Tulitaka mashine ya kumenya kahawa iwe ya wote isiwe ya mtu mmoja, na ardhi isikatwe kupewa wageni. Hayo tulikubaliana. Kilichotugawa ni vibarua. Je, mtu asiye na mti hata mmoja wa kahawa, anayechuma za wenzake, akae kwenye kamati na mwenye shamba? Mwenyekiti wetu wa kwanza macho yalikuwa yamemwishia, akahamia Mbeya kwa mwanawe, na waliotaka kiti chake walikuwa wawili. Mmoja ni Yoramu, rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja migodini, ambaye alisema kibarua akae kwenye kamati kuanzia siku ya kwanza. Mwingine ni Lameki, mkulima mpole wa Mlowo, ambaye alisema vibarua wangoje kwanza mpaka wapate mashamba yao. (Watapata lini? Hilo hakulisema.)

Mimi nilikuwa katibu. Kwenye kikao cha kupanga uchaguzi Lameki alisimama akasema, "Ndugu zangu, tuweke vibuyu viwili nyuma ya pazia. Kila mtu apewe punje ya hindi, aingie peke yake, aitie anapotaka."

Nikapinga. Nikasema migodini nimeona wanaume wakichagua kiongozi wao kwa kupanga mstari nyuma yake, mchana kweupe, na mtu asiyeweza kusimama nyuma ya kiongozi wake leo hatasimama naye kesho. Maneno mazuri. Lakini sababu niliyoitoa ilikuwa moja na niliyokuwa nayo ilikuwa nyingine: nilitaka kuona. Nilikuwa na hamu ya kujua yule fundi cherehani anayecheka na kila mtu yuko upande wa nani, na wale ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mfereji watasimama mstari mmoja au la. Mtu akificha kitu kwenye kiganja, mimi silali.

Lameki akatikisa kichwa. "Katibu, mstari ni wa watu wasiojuana. Huko migodini kila mtu alikuwa mgeni. Sisi hapa ni watu wenye wakwe."

Nikaruka juu kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. "Siasa haina mkwe!"

Makofi. Vibarua waliokuwa wamechungulia dirishani walipiga makofi kuliko wote. Hapo hapo nikaongeza kanuni mbili, zote za kichwa changu: wagombea wakae wakiutazama ukuta, watu wasiwaogope, na filimbi ikishalia hakuna kuhama. Tena tulikuwa tumeshakubaliana wanawake nao wachague, na mimi ndiye niliyemsukuma mke wangu kila jioni: "Waambie wa kwenu Nanyala waje kwa Yoramu. Waje wote!"

Wote. Neno hilo sikulipima.

Lazima niseme, kwa ajili ya wasomaji wa mbali, kwamba kwetu mama mkwe hasogelewi. Ukimwona njiani unaingia porini; ukisikia sauti yake ndani ya nyumba unabaki nje hata mvua inyeshe; naye anakukwepa vivyo hivyo. Si chuki, ni heshima, na zipo zawadi za kuilegeza, ambazo mume mwenye akili huzipeleka mapema. Mimi kwa kuzurura kwangu nilikuwa sijazipeleka.

Siku yenyewe tulikusanyika uwanjani mbele ya ghala la kahawa. Boma walikuwa wametupa kibali cha mkutano mmoja tu, mwisho alasiri, na tarishi wao alikuwa amesimama pembeni ameegemea baiskeli, akilitazama jua kuliko alivyotutazama sisi. Yoramu na Lameki waliketi kwenye viti, nyuso ukutani. Mwalimu mmoja mzee tuliyemwomba asimamie alikuwa na filimbi shingoni. Mistari ikaanza kujipanga, nami nikazunguka nikifurahia macho yangu. Fundi cherehani, kumbe, alikuwa wa Lameki! Wale ndugu wawili walikuwa wa Yoramu wote, ila walikuwa wamemweka mtu katikati. Mstari wa Yoramu ulikuwa mrefu, umejaa vibarua, umeshapita kona ya ghala. Mwalimu akaniita, "Katibu, na wewe simama, nataka kupuliza." Nikaenda nikasimama mkiani kwa Yoramu, nimeshiba ushindi.

Ndipo nikasikia nyuma yangu kundi la wanawake likifika, wakihema kwa mwendo, wakipiga vigelegele, na katikati ya vigelegele hivyo sauti nzito ikisema, "Mstari wa Yoramu ndio huu?"

Sauti hiyo niliijua. Nimeshawahi kunyeshewa kwa ajili yake.

Sikugeuka. Mtu akiniuliza nilifikiri nini nitamwambia ukweli, sikufikiri kitu. Miguu yangu ambayo imenitembeza nchi mbili ilinitoa pale yenyewe, upande upande kama kaa, nikavuka uwanja nimeinamisha kichwa, nikajipachika mkiani mwa mstari uliokuwa karibu. Ulikuwa wa Lameki.

"Katibu kahama!" mtu akasema.

"Kahama kweli?"

"Si yule, na koti lake!"

"Huyu amesoma, huyu kuna jambo kalijua. Twende!"

Nikasikia miguu. Vibarua, watu wale wale tuliokuwa tunapigania kiti chao, walikatika kutoka mstari wa Yoramu kama tembe za udongo siku ya mvua, wakaja wakajipanga ubavuni mwangu. Nikataka kupiga kelele, "Rudini, jamani, ni mkwe tu!" Lakini mtu hatamki neno hilo mkwe akiwa anasikia. Na kabla sijapata la kufanya, nikasikia tena ile sauti, safari hii nyuma ya mgongo wangu kabisa, ikisema kwa mnong'ono wa hofu, "Mungu wangu, kumbe kahamia huku!"

Naye alikuwa ameliona koti mkiani kwa Yoramu. Naye alikuwa amekimbia kwa heshima, ameivuta khanga hadi puani, macho chini, na wanawake wote wa Nanyala nyuma yake. Heshima mbili zilikuwa zimegongana kwenye mstari wa Lameki.

Nikainua mguu nirudi kwa Yoramu. Filimbi ikalia.

"Hakuna kuhama!" Mwalimu akatangaza. "Ni kanuni ya Katibu mwenyewe!"

Basi nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nikauangalia mti (ndio ule), nikaona uko mbali, nikachuchumaa, nikalivuta koti likanifunika kichwa chote. Mama mkwe nyuma yangu naye akachuchumaa akanipa mgongo. Tukakaa hivyo mpaka kuhesabu kukaisha, kama viazi viwili shambani, na watu walioelewa walikuwa wamelala chini kwa kicheko, na wasioelewa walidhani tunaomba dua.

Kisha wagombea wakaambiwa wageuke. Nilichungulia kwenye tundu la kifungo. Yoramu alitazama mstari wake, ambao sasa ulikuwa umebaki wazee wachache na wale ndugu wawili na mtu wao wa katikati, kisha akatazama wa Lameki, akaliona koti la kijivu. Akageuka, akautazama tena ukuta. Afadhali angetukana.

Mtu mmoja akamweleza Mwalimu kisa, Mwalimu akacheka mpaka akafuta miwani, akataka tupange upya, lakini tarishi wa boma akapanda baiskeli akasema, "Kibali kimekwisha. Tawanyikeni." Lameki ndiye mwenyekiti. Alinijia, akanisemesha kupitia kwenye koti. "Asante kwa kura yako, Katibu. Niliwaambia kuhusu vibuyu."

Kwa hiyo mwaka ule vibarua walisikiliza vikao vya kamati kutokea nje, kwenye ua, kwa kura zao wenyewe. Nikawauliza mmoja mmoja, maana nisingeweza kulala: wewe ulinifuata kwa nini? Mmoja alisema alidhani Yoramu ameiba. Mwingine alisema, "Niliona unakwenda haraka, nikadhani kuna chai." Wa tatu akanitazama kwa huruma. "Mzee, mimi nilifuata aliyekuwa mbele yangu. Kwani wewe ulimfuata nani?"

Yoramu nilimwendea nyumbani. Alikuwa ananoa jembe, hakuacha.

"Ungebaki pale," akasema. "Mama mkwe hamli mtu."

"Wewe ungebaki? Mama mkwe wako akiwa kisogoni?"

Akanoa, akanoa, kisha jembe likasimama. "Ningekufa," akasema, na bega lake likaanza kutikisika, tukacheka wote wawili mpaka mkewe akatoka kuangalia nani analia. Halafu Yoramu akafuta macho, akalirudia jembe. "Lakini wale vijana wako nje ya ua, ndugu yangu."

Hilo ndilo lililonirudisha. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wa kuvuka mpaka, nikaufungua. Zawadi za mama mkwe nikazipeleka nusu (nusu nyingine bado, msiniulize), na uchaguzi uliofuata niliushona mimi, pazia la kitambaa cha marekani, vibuyu viwili, punje moja kila mtu. Vibuyu vilipopasuliwa, Yoramu alipita, na vibarua wakaingia ndani wakaketi.

Ila siku hiyo, nikiwa nyuma ya pazia nimeshatia punje yangu, nikasikia nje sauti nzito ikiuliza, "Zamu yangu?" Nikatoka kwa nyuma, chini ya pazia, kwa magoti, koti likararuka. Nimeapa kutotaka tena kuona kilicho kwenye kiganja cha mtu. Mama mkwe alitia punje yake kibuyu gani sijui. Natamani sana kujua. Sitauliza.