Pale Watu Wanapoinama

Wapo watu wa kukukera mpaka chakula kisishuke, na wa kwanza ni wale wanaosema bendi ilikufa siku mwanamuziki fulani alipoondoka. Mtandaoni ndiko walikojaa. Huyu anasema bendi ya kweli ni ile ya mwimbaji wa kwanza, yule anasema bila mpiga besi wa zamani hakuna kitu, basi wanatukanana humo asubuhi mpaka jioni. Mimi bendi hiyo nimeishi nayo chumbani, nimewaona wakiingia na kutoka kama wapangaji, na nyimbo bado nazipenda. Kama hiyo ni dhambi, nitajibu huko mbele.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo. Tulitoka Bukavu pamoja, tukavuka mpaka, tukapanga chumba mtaa wa Kisugu, yeye akapata nafasi kwenye bendi ya Wakongo wenzetu, mimi nikawa natembeza vitenge kwenye ofisi za Nakasero. Mwimbaji mkuu ndiye aliyekuwa kiongozi, na kiongozi wa bendi kwetu huitwa rais. Huyu alitawala kweli. Mpiga besi alipojaribu kumpindua, bendi ikagawanyika mbili, na zote zikang'ang'ania jina lile lile, ya rais ikajiongezea Asilia, ya mpiga besi Halisi. Mume wangu alikataa kuchagua upande. Rais akamfukuza kwa hilo, na mpiga besi naye akamwona jasusi. Halafu kiharusi kikaja kikamlaza kitandani, kikamchukulia mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyepiga hodi kusema pole.

Nyumbani nyimbo zao zikawa haramu. Redio ya jirani ikizipiga, mume wangu aligeukia ukutani. Nilimhurumia sana, lakini sikuacha kwenda. Jumapili nikishatoka kanisani, nikamlisha na kumgeuza, nilimwomba jirani amwangalie, nikashuka kwenye baa ambako Asilia hupiga mchana. Nilikaa nyuma na soda yangu. Kina mama wenzangu wa kanisani waliniuliza nawezaje kwenda kuwasikiliza watu waliomtupa mume wangu. Sasa niwajibu nini? Rais ni mtu mbaya na sauti yake ni nzuri. Yote mawili ni kweli, na si mimi niliyemuumba.

Kulikuwa na wimbo mmoja hasa. Mume wangu aliutunga kabla ya ugomvi, chumbani kwetu, ameketi juu ya ndoo huku mimi natwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa likaachiwa uwanja, alitia noti zinazopanda, zikapanda mpaka kwenye uzi mwembamba kabisa, zikakaa huko juu kidogo ndipo zishuke. Aliniambia wimbo wote aliutunga kwa ajili ya pale juu, kwingine ni njia tu ya kufika. Siku ya kurekodi, kwenye studio moja ya Nateete, uzi ule ukakatika hapo hapo. Wenzake hawakusimama, naye akajiokoa kwa kuangukia noti nzito za chini. Walipomaliza akaomba warudie. Rais akasema sauti yake imetoka vizuri, haimbi mara ya pili kwa sababu ya uzi wa mtu.

Wimbo ukatoka hivyo hivyo, na watu wakaupenda kupita kiasi. Gitaa likianguka, ukumbi mzima unainama mpaka magoti yanakaribia sakafu, halafu wanainuka wakishangilia. Ndiyo staili yake. Mume wangu alijaribu kuupiga jukwaani kama alivyoutunga, akakuta watu wameshainama wanamsubiri chini. Rais akampiga marufuku kuupiga hivyo. Basi noti zile za juu zikabaki kuwa za chumbani kwetu, zikisikiwa na mimi na ndoo.

Aliyechukua nafasi yake kwenye solo ni mtu mzima, baba wa watoto, kutoka Uvira. Jumapili moja nilimsikia akiupiga wimbo ule. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi zote, nzima, mpya. Akapanda, akapanda, kisha akauruka ule uzi mwembamba kana kwamba haupo, akaangukia chini. Mwenzangu alikuwa amejifunza ile ajali ya studio kwa moyo wote. Nilicheka mpaka meza ya jirani wakanigeukia, halafu machozi yakanitoka na sikuweza kuyazuia.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu kabla sijafikiri. Nilitegemea ageukie ukutani. Badala yake aliniuliza, maneno yakimtoka kwa taabu upande mmoja wa mdomo, "Naye anaangukia chini?"

Nikamwambia ndiyo, anaangukia.

"Mlete," akasema.

Haikuwa kazi ndogo. Rais alikuwa amewakataza watu wake kukanyaga nyumba ya aliyefukuzwa. Nilimvizia yule bwana nyuma ya baa, karibu na choo, nikamweleza, naye akawa anatazama nyuma yangu kama mwizi. Lakini alikuja, siku ya kazi, gitaa limeviringishwa kwa vitenge vyangu ili mtaa udhani ni mzigo wa biashara. Mume wangu hakuweza kumwonyesha kwa mkono, akamwimbia. Sauti ilikuwa imeharibika, ikifika juu inakwama, na pale ilipokwama niliendelea mimi, maana nilizijua noti zile tangu siku ya sombe. Yule bwana akatafuta, akakosea, akatafuta tena, mpaka akazipata. Mume wangu akafumba macho, akamfanya arudie mara nyingi. Kisha akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima.

"Mkinizika, piga hivyo. Mbele yao wote."

"Nitapiga, Mzee."

Alifariki kabla ya Pasaka. Matangani bendi zote mbili zilikuja, jamani, na mashada, kila moja ikisema marehemu ni wake. Waligombana mlangoni kwangu, na mimi nimekaa ndani na kanga kichwani nawasikia. Kilichowapatanisha ni umeme kukatika, kwa kuwa Halisi walikuwa na spika na Asilia walikuwa na jenereta. Basi wakapiga pamoja chini ya turubai moja, kwa mara ya kwanza tangu waachane. Na walipiga vizuri, siwezi kuwasingizia. Nilitoka nje nikasimama karibu nao, kando ya jeneza.

Walipofika kwenye wimbo wake, yule bwana wa Uvira alinitazama. Akapanda, na safari hii hakuanguka. Alifika kwenye uzi mwembamba, akakaa pale. Watu wote chini ya turubai walikuwa wameshainama, noti zinapita juu ya migongo ya watu, na mimi peke yangu nimesimama.

Rais akainua mkono, bendi ikanyamaza. Akachukua kipaza sauti akasema kwa upole kwamba kijana wetu amekosea, huzuni imemzidi. "Turudie," akasema. "Tumpe marehemu haki yake."

Nilimwangalia yule bwana. Naye aliniangalia mimi, akamwangalia rais, kisha akainamisha macho kwenye gitaa. Ana watoto wa kulisha, najua. Wakarudia. Akapanda, akauruka uzi, akaangukia chini, na watu wakainama, wengine wakilia kwamba huyo ndiye, huo ndio mkono wake kabisa.

Nilitaka kuwaambia. Nilifungua mdomo nimwaibishe rais mbele ya jeneza. Lakini besi ile ya zamani ilikuwa imeingia chini ya sauti yake, ngoma zimeshika, na wimbo ulikuwa mtamu kama siku zote. Magoti yangu mwenyewe yakakunjika, nikainama pamoja nao.