Sindano ya Kaka Ilivyopigiwa Kura Amerika

Kaka yangu alikuwa na sukari ya kutosha kufungulia kiwanda pale Rusayl, huku Uarabuni tulikohamia. Simcheki, Mungu anajua nnampenda, lakini ukweli lazima usemwe. Akitoka Ruwi kuja Amerat, sisimizi walikuwa wakiifuata gari yake kwa miguu, wanapanda mlima, wanashuka mlima, na wakifika mlangoni wanauliza kwanza yuko chumba gani.

Ilimuanza miaka ya tisini, bado tunakaa kwenye fleti la Ruwi juu ya duka la vitambaa. Asubuhi akila halua kwa sababu ya kahawa, na jioni akinywa kahawa apate sababu ya halua. Daktari akampa vidonge. Akavimeza, tena kwa adabu, lakini kwa chai ya maziwa ya vijiko vinne.

Mwaka nnaousimulia sie tushahamia Amerat. Nyumba mpya, rangi bado inanuka, mie na kaka na mkewe na binti yao. Kaka kastaafu kazi ya serikali na kajipa kazi nyengine ya kusikiliza redio. Alikuwa na kiredio cha mawimbi mafupi, mgongo wake umevunjika kaufunga kwa mpira, na humo akipata habari kwa Kiswahili kutoka nchi za mbali. Kila siku baada ya alasiri utamkuta ukumbini, redio sikioni, mguu juu ya mto.

Mguu ule ndio uliotunyima raha. Kidole gumba kilichubuliwa na kiatu mwezi wa Rajabu. Shaabani ikaingia ikatoka, Ramadhani ikaingia, na kile kidonda bado kinatutazama. Binti yao ni nesi, na siku moja akaja na maneno ya daktari.

"Baba, vidonge havitoshi tena. Sindano ya insulini, kila siku. Ukichelewa kidole kitaondoka, na hakitaondoka peke yake."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Kila ninayemjua kaanza sindano, mwisho kakatwa mguu."

"Si sindano iliyowakata, baba. Walikawia kuianza."

"Weye ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi mie nilikuwepo."

Ndivyo alivyo. Ukimuona mtu anabishana na ukuta, na ukuta unaomba radhi, jua ni kaka yangu. Hata kufunga alikatazwa, na kafunga.

Sasa, siku ya tatu au ya nne ya mfungo, mie na wifi yangu tuko jikoni, mie nakaanga sambusa, yeye anasukuma manda nyembamba hata ukiiweka juu ya gazeti unasoma, lau ungekuwa unajua kusoma, na mie sijui. Mara kaka akapiga ukelele. "Njooni! Njooni nyote!" Nikadhani mwezi umeandama, Idi imekuja kabla ya wakati wake. Tukakimbia, mie na mwiko mkononi.

"Amerika!" anasema, macho yamemtoka. "Wanaogombea urais wanagombania seli shina!"

Tukatazamana na wifi. Seli mie nikaisikia selo, pale anapowekwa mtu akishakamatwa na polisi. Na shina nnalijua zaidi. Kule visiwani tulikotoka shina ni nyumba kumi za chama, na mwenyekiti wake alikuwa akijua mpaka mchuzi wako umeutia nazi ngapi.

"Maskini," nikasema. "Wamewatia ndani wenyeviti wa mashina?"

"Wamechelewa," akasema wifi, akarudi kwenye manda zake.

"Nyie wanawake! Hii ya mwilini! Dawa ya sukari!" Lakini tulipomuuliza selo inaingiaje mwilini, na yeye akakwama, akasema redio ilikuwa inakoroma. Siku mbili nzima mie nikitangaza mtaani kuwa Amerika wamechoka na mabalozi wa nyumba kumi, na watu waliotoka kwetu wakinipongeza kwa habari njema.

Aliyetuokoa ni yule binti. Alikuja na karatasi aliyoichapisha kwenye kompyuta, ina safu mbili, huku anavyosema mgombea huyu, huku anavyosema mgombea yule. Akakaa kitako jikoni, na kaka akaburura mguu wake akaja mpaka mlangoni.

"Shangazi, sikiliza. Hizi ni seli za mimba changa kabisa, ya siku tano, sita. Kwa jicho huioni. Haijaamua bado itakuwa ini, au jicho, au kongosho."

"Kongosho ndiyo nini?"

"Ndiyo inayotoa insulini mwilini. Ya baba imechoka."

"Kongosho," akasema wifi. "Jina kama la kijiji cha Pemba."

"Wataalamu wanatumai siku moja watazifundisha seli hizo ziwe kongosho nzima, apewe mgonjwa."

Kaka akapiga paja. "Mmesikia? Kazi ya siku moja!"

"Baba! Siku moja, yaani siku hiyo ikifika. Hakuna anayeijua."

"Ushasema siku moja. Usigeuke."

Basi akatusomea safu ya kwanza. Aliyeko kitini anasema mimba ile, hata iwe ndogo vipi, ni uhai wa mtu, na kuivunja ni kuuvunja uhai. Kwa hiyo mali ya serikali itumike kwa seli zilizokwisha kuzalishwa huko nyuma, mpya hapana. Akasoma safu ya pili. Mpinzani wake anasema kuna mimba zimebaki kwenye mafriji, za watu waliosaidiwa na madaktari kupata watoto, wenyewe hawazihitaji tena, na nyingi zitatupwa. Badala ya kutupwa, wenyewe wakiridhia, zisaidie wagonjwa, na serikali itoe mali yake.

Kaka kaduwaa. Mie nikamwambia, "Ngoja nikufahamishe kwa mkate wa kumimina. Huyu wa kwanza anasema: chachu imo chunguni toka zamani, pikia hiyo hiyo, yai jipya usivunje. Wa pili anasema: mayai yamo frijini, wenyewe washahama nyumba, yataoza bure, nipeni nipike."

"Shangazi umeifahamu kuliko karatasi," akasema binti, na mie nikajiona nishakuwa profesa wa seli. Mpaka leo nnaamini Amerika wangeniita siku ile kura zingekuwa na adabu.

Lakini wifi hakucheka. Alikuwa kaacha kusukuma.

"Na hiyo mimba, si ya mtu?"

"Roho hupulizwa siku ya mia na ishirini," akasema kaka. "Hilo hata sie tunalijua. Siku tano bado."

"Roho, ndiyo," akasema wifi. "Mie zile zangu mbili zilizoharibika Ruwi zilikuwa za miezi miwili. Na nilikuwa nshazipa majina."

Kaka akatazama chini. Miaka yote ile hakuwahi kuyasikia hayo ya majina, na mie sikuwahi. Huyu binti nesi ndiye wa tatu, na ndiye aliyekaa. Akamshika mamake goti, akamwambia kuwa hata masheikh wanakhitilafiana na hata madaktari pia, na kwenye karatasi ile hakuna mjinga upande huu wala upande ule. Sambusa zangu zikaungua zote kumi na nane. Nikazila mwenyewe baada ya magharibi, nikasema ndivyo nnavyozipenda.

Kesho yake kaka katoka na rai yake. Alisimama katikati ya ukumbi kwa mguu mmoja kama korongo.

"Nimeamua. Mpinzani akishinda, nangoja kongosho yangu mpya. Aliyeko akishinda, nachoma sindano siku hiyo hiyo. Wallahi."

"Kuapa huko, na umefunga?" nikamuuliza.

"Na nimefunga."

Hapo ndipo nyumba yetu ilipopata wazimu. Maana ule mwaka mtaa mzima ulikuwa unataka mpinzani, kwa ajili tu ya vita vya aliyeko kitini kwenye nchi za Waarabu, seli hawazijui. Ukitaja jina la yule aliyeko kitini, jirani anatema mate, na mbuzi wa jirani anatema mate. Na mie mwenyewe roho yangu ilikuwa na mayai ya frijini, kwa sababu wagonjwa ni wengi. Lakini mpinzani akishinda, kaka yangu atangoja, na kidole hakingoji.

Wifi hakuwa na shida hiyo. Jioni ile nikamkuta juu ya msala, mikono juu, anamuombea yule aliyeko kitini. Kwa jina. Jina lenyewe analivunja vipande vitatu, lakini Mungu anafahamu.

"Wifi! Watu wakikusikia watatuhamisha Amerat!"

"Nawasikie. Wao wana mume kama wangu?"

"Lakini vita..."

"Vita nitaviombea kesho. Leo nnaombea kidole."

Ikawa kila siku kabla ya futari, yeye anaomba huku, kaka kule anamuombea mpinzani, dua zinapita zinagongana mlangoni. Binti akirudi kazini anauliza, "Leo nani anaongoza?" Mamake anajibu, "Sie." Na kila jioni alikuwa akimsafisha babake kidonda, halafu uso wake anaugeuzia upande wa dirisha. Mie nikiuona. Kidole kilikuwa kishaanza rangi ambayo sitaki kuisema.

Siku ikafika. Kura wakapiga huko, na sie hapa tukangoja kama watu wanaongoja majibu ya mtihani. Alasiri moja redio ikakohoa, ikakoroma, ikasema: aliyeko kitini kashinda.

Wifi akapiga kigelegele kilichovunja gilasi mbili. Mie nikamuunga mkono. Haikupita dakika, jirani yetu wa Kiarabu kagonga mlango, kajitanda buibui upande upande.

"Kheri? Mna arusi?"

"Hatuna arusi, dada'ngu," nikamwambia. "Mtu wetu kashinda Amerika."

Alinitazama jicho ambalo mpaka leo nikikohoa linaniuma. Ilinibidi nimueleze habari ya kidole, ya seli, ya shina, ya mkate wa kumimina, mpaka adhana ikakaribia na yeye akakimbilia jikoni kwake. Baada ya futari alituletea bakuli la harisi, akasema ni la mgonjwa.

Sasa turudi kwa kaka, adhana bado. Kaka kashikilia redio kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

"Bado," anasema. "Wanasema kuna jimbo moja huko, upande wa machweo, watu wake wamepiga kura yao peke yao. Wametenga mali ya jimbo kwa seli shina. Kwa hiyo dawa inakuja. Kiapo hakijatimia."

"Ulisema nani akishinda," nikamwambia. "Jimbo hukulitaja."

"Tena sindano inafunguza."

"Adhana hiyo, baba," akasema binti. "Kula tende, kunywa maji. Inakufunguza nini tena?"

Akala tende moja. Akataka ya pili, wifi akaiondoa sahani.

"Kama jimbo unalitaka, hamia," wifi akamwambia, sauti yake ndogo kabisa. "Watakupa kongosho, na mie nitakufungia nguo zako nikuletee mpaka uwanja wa ndege. Lakini kule Ruwi nimeshazika wawili ambao sikuwaona sura. Sitaki kuzika mguu, halafu nimzike mwenye mguu."

Redio ikaendelea kusema peke yake. Kaka akanyoosha mkono akaizima. Mie simjui kaka yangu kuzima redio, hata mgeni akija, hata umeme ukikatika inaendelea kwa betri.

Akapandisha fulana, na binti akatoa sindano mkobani. Kafumba macho, mkono wangu kaushika mpaka pete yangu ikaingia kwenye mfupa wa kidole cha pili. Akaanza hotuba: kama akifa, nyumba iende kwa nani, redio iende kwa nani, mie nisipewe jiko kwa sababu naunguza. Akasoma aya alizokuwa nazo zote. Mwisho akavuta pumzi.

"Haya. Choma."

"Nshachoma, baba."

"Lini?"

"Uliposema haya."

Akafungua jicho moja. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Mbu wa Ruwi wakali zaidi," akasema, na akadai supu yake, kwa sauti ya mtu aliyerudi vitani kashinda.

Kidole kilikaa. Kilichukua miezi, na ukucha haukurudi kama ulivyokuwa, lakini kilikaa na wenzake wote tisa. Na kaka, aliyekuwa hataki kuisikia sindano, ikawa yeye ndiye anayewafundisha wazee wa msikitini, anawapandisha kanzu, anawaonesha matumbo, mpaka imamu akamuomba akafanyie hayo nje.

Miaka ikapita, wakaja wagombea wengine, akashinda mwengine, na asubuhi moja redio, mgongo wake bado na mpira, ikasema huko Amerika milango ya seli shina imefunguliwa. Kaka alikuwa mezani, sindano iko mkononi, chai mbele yake, haina hata kijiko kimoja. Mie na wifi tukasimama pale pale, tunaogopa ataiweka sindano chini. Nikamuona wifi kashika ukingo wa meza.

Kaka akasikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Alhamdulillahi. Waambieni wasifanye haraka," akasema, akapandisha fulana, akachoma, akavuta mkate.