Nilivyomtafsiria Msichana wa Nyota

Nichekeni tu, nimeshazoea. Gari la sinema lilipokuja kwetu Suneka, lilileta filamu ya michoro kutoka Japani. Msichana anasafiri peke yake kati ya nyota, na maneno yake hayaeleweki hata kidogo. Mwalimu mkuu akanisonta kidole mimi nitafsiri. Nilikuwa nimejigamba mbele ya walimu wenzangu kwamba najua Kijapani, eti kwa sababu redio yangu mpya ilikuja na kijitabu cha lugha hiyo!

Nikashika kipaza sauti nikaanza kubuni. Msichana akisema, natafsiri. Akinyamaza, natafsiri pia. Alipotua kwenye sayari yenye mwanga na watoto wakamkimbilia, nikatangaza kwa Kikisii: "Hapa ndipo wanapoishi watoto wetu waliofariki. Amewaletea salamu zetu." Watu wakalia. Kichwa kikanivimba.

Jumapili baada ya Misa, wakati wa matangazo, alisimama Mama Kemunto, aliyemzika binti yake msimu wa mvua uliopita. Mkononi alikuwa na sweta ndogo aliyoifuma mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "wewe unasikilizana na yule msichana. Muulize atapita lini tena, ampelekee Kemunto hii. Huko juu lazima kuna baridi."

Kanisa zima likanigeukia.

"Mama," nikasema, "mimi sijui Kijapani."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama Kemunto alikaa, akaanza kuikunja ile sweta, mikono kwanza, taratibu, kama nguo ya mtoto atakayeivaa kesho.