Skrini ya Pili, Nyumba ya Mtu Mmoja

Leo jirani amenipikia samaki wa watu wawili, na mnajua naishi peke yangu.

Mchana wote nimekuwa nikiunganisha skrini ya pili kwa kompyuta yangu hapa Kaloleni, nikiibembeleza kwa sauti.

Jioni kishale cha mausi kikavuka mpaka skrini ile nyingine! Nikapiga kelele, "Imeshika!"

Hakuna wa kumwonyesha.

Mara hodi. Ni Mama Atieno, jirani, na sahani ya samaki, mbuta wa kuwatosha wawili.

"Nimesikia maongezi. Mama watoto wako amerudi kutoka Bondo?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa naongea na kompyuta."

Akaweka sahani polepole.

"Basi kula tu, Baba."

Nikamwomba akae kidogo aone. Watoto wake walikuwa wanamngoja.

Niandikieni, jamani, hata salamu tu.