Glasi ya Kuonja

Kalisti, mtu wa Kibosho anayeishi Bladensburg, ana mwaka wa tisa akihudumu kwenye mgahawa wa Kifaransa huko Shaw, mjini Washington, Marekani. Ni mahali pa watu wa taratibu, wanaongea kwa kunong'ona kama wako kwenye maungamo. Mvinyo wa humo anaujua wote, na akianza kuusifu hanyamazi. Ila kukaa mezani akahudumiwa yeye, hakuwahi.

Siku aliyokaa, alikuwa na shida yake. Mama Genoveva, mama mzazi wa Violet, msichana ambaye Kalisti anataka kumwoa, alikuja Herndon kumwona binti yake, na Alhamisi anarudi Moshi. Kwao posa haianzi mpaka mbege, ile pombe ya ndizi, ipelekwe nyumbani kwa msichana, na haipelekwi kama mama mwenye nyumba hajaridhia. Wiki tatu Mama Genoveva hakusema ndiyo wala hapana. Kalisti hali, halali. Akaona amwalike hapo mgahawani Jumapili mchana, amwonyeshe kwamba naye ni mtu.

Mama alikaa na mkoba wake mapajani, akauliza mbona giza, umeme umekatika? Violet akamwambia ndio mtindo wao. Supu ya vitunguu aliimaliza yote, na Kalisti akaanza kupumua.

Ikaja chupa ya mvinyo aliyoichagua Kalisti tangu juzi. Alikuwa ameshamnong'oneza Mwaura, mhudumu mwenzake kutoka Nyeri, kwamba leo heshima zote ziende kwa mama. Mwaura akafanya alivyoambiwa. Akamimina tone kwenye glasi ya mama, akasimama na chupa.

"Onja kwanza, mama, utuambie kama iko sawa."

Mama Genoveva akaitazama glasi. Hakuigusa.

"Kalisti," akasema, "kwenu nani humpa mgeni pombe ambayo mwenyewe hajaionja?"

"Mama, huku..." Violet akaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Jamani, mazoea yana taabu. Kalisti huyu alikua akimwona bibi yake akipiga funda la kwanza la kila kata ya mbege, ili mgeni ajue hamna sumu. Miaka tisa ya kuwaonjesha wageni ikamsahaulisha. Aibu ilimshika kweli, akaiona posa yake inapanda ndege ya Alhamisi.

Alisimama, akaichukua ile glasi, akalinywa lile tone mbele ya mama. Kisha akaipokea chupa kwa Mwaura, akamimina katika glasi ileile, akampa kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo. Watu wa meza ya jirani wakaacha kunong'ona.

Mama akanywa. Akakunja uso.

"Mchungu," akasema, akanywa tena. "Kwenu nani anapika mbege siku hizi?"

"Shangazi Euphrasia, mama."

"Mwambie apike. Baba yako ailete kwetu kabla ya Kwaresima, na aonje yeye kwanza."