Sikuzani Anapewa Jemadari

Sikuzani wa Nkowe alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa unanitia hasira. Mimi Fatu, shoga yake tangu unyagoni, ndiye ninayesema. Mumewe, Abdalah, alikufa akiwa kibarua kwenye mashamba ya karanga kule Nachingwea. Eda haijaisha, akaja Mbaruku, mpwa wa marehemu, ana wake wawili Ruponda, kudai urithi wa mjomba wake: jina, baiskeli na mjane. Siku zile ilikuwa desturi, mradi mjomba wa mwanamke akubali, maana kwetu mwenye mtoto ni mjomba, si baba. Mzee Amri, mjomba wa Sikuzani, alikubali bila kumwita mwenyewe na kumwuliza.

"Mimi si jembe la marehemu, Fatu," aliniambia tukitwanga mtama, machozi yanamtoka. Lakini kwa mjomba wake hakuthubutu kufungua mdomo.

Wakati huo tulikuwa kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Kornel, mtu wa Mnero, akatufundisha mchezo wa kuigiza wa Wayunani wa kale. Jemadari anashinda vita, mfalme anamzawadia binti yake. Sikuzani akapewa kuwa binti.

"Maneno yangu yako wapi, mwalimu?"

"Huna maneno. Inamisha kichwa, ushikwe mkono, uende."

Nikamwuliza mwalimu, mchezo gani huu mtu mzima anapakuliwa kama kitoweo? Akasema ndivyo ulivyoandikwa tangu zamani. Nilinuna wiki nzima.

Siku ya mchezo watu walijaa uwanja wa shule. Mzee Amri alikaa mbele, Mbaruku ubavuni pake. Mfalme wetu alikuwa Awadhi, fundi cherehani. Akatunisha kifua akatangaza, "Binti huyu ni wangu mimi baba yake, na leo nampa jemadari."

Mzee Amri hakuwahi kuona mchezo wa kuigiza maishani mwake. Akasimama na bakora yake.

"Baba ndiyo nani? Tangu lini baba akatoa mtoto? Mjomba wake ni mimi, nipo hapa, na sijaulizwa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu akamwendea, akamweleza kuwa ni maigizo tu.

"Maigizo gani? Yule si Sikuzani?"

Hapo Sikuzani akainua kichwa.

"Ahsante mjomba, umenisemea. Imekuuma kwa kuwa hukuulizwa. Na mimi je? Uliponitoa kumpa Mbaruku, nani aliniuliza?"

Kicheko kikakatika. Mzee akashusha bakora yake. Nilimhurumia hata yeye, maana ndiye aliyemlea, na ninaamini hakujua kama anamdhulumu.

"Sikukuuliza," akasema. "Nakuuliza sasa, mwanangu."

"Simtaki, mjomba."

Mzee akamgeukia Mbaruku. "Umemsikia."

Mbaruku akaondoka bila kuaga. Mwalimu Kornel akaomba tuendelee, jemadari bado anasubiri na mkuki wake wa mti. Sikuzani alikataa kurudi uwanjani, na hakuna aliyemlazimisha.

Baadaye mtu wa Ruangwa akaja kumposa. Mzee Amri, magoti mabovu vile, alimfuata Sikuzani kule kwenye shamba la ufuta kumwuliza kama anamtaka, na mgeni huyo nyumbani alikuwa hata kiti hajapewa.